Kisa cha kunde za mionzi Muheza, na mkazamjomba aliyechuma majani

Nimeombwa mara nyingi nikiandike hiki kisa vizuri maana kila ninayemsimulia anaondoka na kipande chake, wengine wanasema tulipanda mbegu za bomu, wengine wanasema mtoto wa mama mdogo alifeli chuo kwa sababu ya majani ya kunde. Hakufeli. Ngoja nieleze kuanzia mwanzo, na mi mwenyewe nimo kwenye makosa kwa hiyo sitajificha.

Mi nina duka la pembejeo Muheza mjini. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikua anasoma shahada ya pili mambo ya mbegu, akaja na wazo kwamba kunde ya kwetu, hii ya kienyeji anayopanda mjomba, iboreshwe kwa mionzi. Mjomba analima barabara ya kwenda Pangani, kunde yake ni ile ya kutambaa, punje kubwa za kahawia, ukiipika na nazi hamna anayeuliza mboga nyingine. Ubaya wake mmoja, inaiva kwa mafungu. Unachuma leo, unarudi baada ya siku sita, unarudi tena, na zile ganda zilizolala chini mvua ya mwisho wa masika ikizikuta zinaoza au zinaota humo humo. Mjomba analalamika hilo tangu nikiwa mdogo.

Kwani kunde nyingine hazipo? Zipo, dukani nauza, kuna Fahari, Tumaini, Vuli 1, Vuli 2, zote za kituo cha Ilonga kule Kilosa. Lakini mkazamjomba hataki kuziweka shamba lake, anasema hazina ladha ya ile yake, na ukishamsikia anavosema huna haja ya kuendelea.

Hapo ndo hoja ya dogo ilipokua na mashiko. Ungechukua kunde ya mjomba ukaizalisha na nyingine ya kusimama, kwanza kazi yenyewe ni ya mateso, ua la kunde linafunguka alfajiri na kabla jua halijapanda limeshajichavusha lenyewe, kwa hiyo inabidi ulipasue jioni yake utoe vumbi la kiume kwa kibano. Afu ukifanikiwa mtoto anabeba nusu ya huku na nusu ya kule, ladha ya mkazamjomba inaweza kupotea humo humo na kuirudisha ni miaka. Mionzi inafanya kitu tofauti. Inachukua kunde ile ile na kuvuruga herufi chache za jeni zake, sehemu kubwa inabaki ilivo, na wewe unatafuta ile moja kati ya maelfu ambayo kilichovurugika ndo kile ulichokua unakichukia.

Si jambo jipya hata kidogo. Mwanasayansi Muller alionyesha mwaka 1927 kwamba eksirei inabadilisha urithi wa nzi wa matunda, akapewa Nobel 1946, na mwenzake wa fani, Stadler, mwaka 1928 akaonyesha kwenye shayiri. Tangu 1964 FAO na IAEA, lile shirika la nguvu za atomiki la Umoja wa Mataifa, wana programu ya pamoja ya mambo haya na maabara Seibersdorf, nje kidogo ya Vienna, na kwenye daftari lao aina za mimea zilizotoka kwa njia hii ni zaidi ya 3,000. Jamii ya kunde imefaidika sana. Pakistan ugonjwa wa baka uliwamaliza dengu, mwaka 1983 wakatoa aina inaitwa CM-72 iliyopigwa mionzi ya gama, ikastahimili. Bangladesh walishatoa dengu yao ya Hyprosola 1981. Wahindi wa kituo cha utafiti wa nyuklia cha Trombay wana karanga kibao za hivi. Na kwa kunde yenyewe Zimbabwe wametoa CBC5 mwaka 2017, inavumilia ukame. Hata Unguja hapo ng'ambo wana mpunga wa Supa BC uliopita njia hiyo hiyo. Nilimwambia mjomba hayo yote, akasikiliza, akauliza, "Sasa hiyo ya Zimbabwe majani yake yanalika?" Sikua na jibu, na nikacheka. Ningekua na akili ningeandika hilo swali kwenye karatasi.

Basi punje 1,600 za mbegu ya mjomba zikachaguliwa kwa mkono, zikakaushwa, zikagawanywa mafungu manne ya 400. Fungu moja halikuguswa, hilo ndo la kulinganishia. Mengine yakapigwa gama ya Kobalti-60, metali inayotoa mionzi, grei 100, 200 na 300. Grei ni kipimo cha nishati inayoingia, joule moja kwa kila kilo. Ukitaka kuelewa ukali wake, binadamu akipigwa grei 4 au 5 mwili mzima bila matibabu, nusu ya watu wanakufa. Mbegu kavu imelala, inabeba 200 na bado inaota. Na cha ajabu hizo grei 200 hazipashi mbegu joto hata la kuhisi kwa kidole, ni kama sehemu ya kumi ya nyuzi moja tu. Uharibifu wote uko kwenye nyuzi za jeni.

Zikarudi kwenye bahasha za kaki, tukazipanda masika. Mjomba alitarajia maajabu. Alichokiona ni kilio. Zile za grei 300 zaidi ya robo tatu hazikufika mavuno, zilizobaki zikachelewa kuota, majani yamekunjamana, mengine yana mabaka meupe kama yamerushiwa chokaa, mche mmoja ulitoa vichwa viwili afu vyote vikafa. "Mjomba," akamwambia dogo (si unajua mjomba na mpwa wanaitana hivo hivo), "mjomba, umeniunguzia kunde zangu." Dogo akawa anafurahi! Maana kizazi cha kwanza, wenyewe wanakiita M1, kazi yake si kupendeza. Mmea wa M1 ni viraka, tawi hili lina badiliko, tawi lile halina, na badiliko lenyewe mara nyingi limejificha kwa sababu kila jeni ina nakala mbili na nakala nzima inaifunika mbovu. Unachofanya ni kuvuna tu, kila mmea bahasha yake, usichanganye. Tulipata mimea 690 yenye ganda, tukachukua punje 12 kila mmoja.

Wakati huo huo maneno yakaanza. Watoto wakakatazwa kukatiza pale. Mama mmoja mteja wangu wa miaka akakataa kununua mbegu ya mahindi ya kawaida kabisa, akasema duka langu lina "yale madude". Nilimuuliza, mama, ulipopiga eksirei ya kifua pale hospitali ya Bombo ulirudi nyumbani ukalala peke yako? Si ulimbeba mjukuu jioni ile ile? Akanyamaza. Mionzi ya gama inapita kama mwanga unavopita dirishani, ikishapita imepita, Kobalti haiingii kwenye punje na punje haigeuki kuwa chanzo cha mionzi. Wengine wakauliza kama ni GMO. Siyo, hamna jeni ya kiumbe kingine iliyopachikwa, ni kunde ile ile maandishi yake yamekosewa hapa na pale, na makosa ya namna hiyo hata jua na muda vinayafanya, ila taratibu mno. Yule mama alirudi kununua mahindi. Kunde alisema atasubiri.

Sasa vuli. Hapa ndo kisa chenyewe.

Kizazi cha pili, M2, ndo siku ya kufunua pazia. Kila bahasha inakua mstari wake, mistari 690, kila mstari miche 12, jumla mimea 8,280, robo eka nzima imejaa vijiti vya namba. Kama mmea mama ulikua na badiliko lililojificha, karibu robo ya watoto wake wanapata nakala zote mbili mbovu na hapo linaonekana. Tuliona vioja. Kuna miche iliota myeupe kabisa bila kijani, ikafa siku ya tisa au ya kumi. Kuna mstari wa vibete. Dogo alikua anakuja kila baada ya wiki mbili, anapita na daftari, anaandika siku ya ua la kwanza, anafunga uzi mwekundu kwenye mmea uliowahi, anarudi chuo. Mwisho wa msimu akawa na mimea 31 yenye uzi. Mimea 31 kati ya elfu nane, alitembea kama amepewa ubalozi.

Mi nilikua napita mara kwa mara kuchukua ndizi, na siku moja jioni nikamkuta mkazamjomba shambani na jirani zake wawili, kanga zimefungwa kiunoni zimejaa majani machanga ya kunde. Wanachuma ncha kwa vidole viwili, tik, tik, tik, haraka kuliko unavoweza kuhesabu. Nikasalimia, shikamoo mkazamjomba, marahaba mwanangu, akanipa fungu la mboga nikaenda nalo nyumbani nikalipika na nazi. Likawa tamu. Wala halikunipita akilini kwamba nimekula data.

Nimelielewa baadae sana, tulipopanda M3, kizazi cha tatu. Zile bahasha za mimea iliyowahi zilipopandwa, kila moja mstari wake, safari hii dogo akaweka kunde ya mama, ile isiyopigwa, kila baada ya mistari mitano. Na mistari mingi ya "zilizowahi" ikachanua siku moja na kunde ya mama. Haikua imewahi chochote. Dogo akakaa chini ya mwembe akafungua ramani ya vuli, akaanza kuweka alama mimea yake 31 ilikua wapi, nikawa naangalia begani kwake. Mimea 24 ilikua upande wa juu, mbali na njia. Upande wa chini, karibu na njia na karibu na jiko, karibu hamna.

Umeona? Kina mama walichuma majani upande wa njia maana ndo karibu. Mmea wa kunde ukikatwa ncha unarudi kutengeneza matawi na majani, maua yanachelewa. Upande wa juu haukuguswa, ukachanua kwa wakati wake. Na kibaya zaidi, mistari ya kulinganishia ya vuli yote ilipandwa pamoja, pale pale kando ya njia, kwa sababu dogo alitaka mjomba aione anapopita. Kwa hiyo alikua analinganisha kunde ambazo hazijachumwa na kunde zilizochumwa mpaka basi, afu tofauti yote akaiandika kwa jina la mionzi.

Watu wakisikia hapa wanamlaumu mkazamjomba. Mi nakataa kabisa. Lile shamba ni lake, majani ni mboga yake ya wiki sita kila msimu, na hakuna aliyemwambia asichume, wala hakuna aliyemuuliza kama anachuma. Dogo alifanya mahojiano ya kilimo na mjomba saa nzima, kashika kalamu, kuhusu ganda, bei, gunia, mvua. Majani hayakutajwa kwa sababu mjomba hachumi majani. Mjomba anayakuta kwenye sahani.

Ukitaka kujua mmea upi ulibadilika kweli bila kudanganywa na shamba, angalia ndugu zake wa mstari mmoja. Mstari namba 212 ulikua na miche 12, tisa ikatambaa kama mama yao, mitatu ikasimama wima na ganda zake juu ya majani. Udongo mmoja, mvua moja, wachumaji wale wale. Hapo huwezi kusingizia kivuli wala njia. Tatu kati ya kumi na mbili ni ile robo niliyoisema. Miche ile mitatu ilipopandwa M3 watoto wake wote wakasimama, hamna hata mmoja aliyetambaa, na ganda la kwanza likakauka siku ya 66 wakati mama yake alisubiri mpaka 80 na kitu. Hiyo ndo myutesheni, yaani badiliko la jeni lenyewe. Ya kwenye uzi mwekundu mingi ilikua ni habari za mboga.

Na mi sasa. Bahasha 31 za M2 zilikaa dukani kwangu kati ya msimu na msimu. Dogo alisema nisitie dawa kali maana anataka kupima uotaji, nikaziweka kwenye boksi juu ya shelfu, kwenye duka linalouza dawa ya fukusi kila siku. Fukusi wa kunde mjanja, anataga yai kwenye ganda huko huko shambani, kiluwiluwi kinaingia ndani ya punje, wewe unaweka mbegu safi kabisa, baada ya mwezi unafungua unakuta unga na vitundu vya mviringo kama vimetobolewa na msumari. Bahasha nane zikaisha. Bahasha yenye punje 20 haina akiba, fukusi watano tu wanatosha kufuta mmea ambao umeutafuta kati ya elfu nane. Ningeziweka kwenye chupa iliyobana, au kwenye friza siku chache zikiwa kavu, zingepona. Nilimwambia dogo kwa simu, akakaa kimya muda mrefu afu akasema, "Sawa dada." Lile "sawa dada" ninalo mpaka leo.

Zikabaki 23. Kati ya hizo mistari iliyowahi kweli M3 ni mitatu, mmoja ndo huo 212.

Lakini kulikua na ya 32 ambayo haikua kwenye hesabu. Wakati wa kuvuna vuli, mkazamjomba ndo aliyekua anachuma ganda, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na aliporudi raundi ya pili akakuta mmea mmoja mstari wa 418 hauna kitu cha kuchuma. Ulishakauka wote mara ya kwanza. Ulikua unatambaa kama kawaida, umechumwa majani kama wenzake, haukuchanua mapema, kwa hiyo uzi mwekundu haukuufikia. Ila ganda zake zote ziliiva kwa mpigo. Alimwambia dogo, dogo akaandika kwa adabu tu, akamwachia mbegu zenyewe. Yeye akazitia kwenye chupa ya soda na majivu ya jikoni, akaziba. Wakati fukusi wananila mimi dukani, hizo hazikuguswa.

Fikiria tatizo la mjomba lilikua nini. Kuiva kwa mafungu. Dogo alilitafsiri kuwa kuwahi, kwa sababu tarehe ya ua la kwanza inapimika kirahisi na mtu anayekuja kila wiki mbili. Kuiva kwa mpigo kunataka mtu anayerudi shamba lile lile kila siku sita na kukumbuka mmea kwa mmea, na mtu huyo alikuwepo, hakua na daftari tu. Mi naona hapo ndo kazi ya mionzi inapofia sehemu nyingi, gama yenyewe ni dakika kadhaa kwenye mashine, kutazama ndo miaka.

418 ikapandwa M3 pamoja na nyingine, tukachunga, hamna kuchuma majani mistari ya majaribio, mkazamjomba akatengewa mistari kumi ya kwake kando, na yeye ndo aliyesema ziwe kumi. Mimea yote ya 418 ikakauka ganda ndani ya siku kumi hivi. Tukapika zote mbili jioni moja, sufuria mbili, nazi moja iliyokunwa ikagawanywa. 212 ladha ipo, ila majani yake ni machache na magumu. Mkazamjomba akaonja, akala kijiko cha pili, akasema, "Hii ya kuuza. Nyumbani nipandieni ile nyingine." Mjomba akasema yeye anataka 212 maana inavunwa bila kuinama. Hawajaafikiana.

Kwa wanaokuja dukani kuniuliza bei: haziuzwi. Huu ni mstari wa shamba moja la Muheza, bado kupandwa sehemu nyingi na misimu mingi, bado TOSCI, ile taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, kuipima kama ni tofauti, kama inafanana yenyewe kwa yenyewe na kama haibadiliki, na nyingi zinaangukia njiani. Mtu akikuuzia kunde ya mionzi kwenye kimfuko kisicho na lebo, amekuuzia kunde tu.

Mwezi uliopita dogo alikuja kuomba mbegu za 418 akajaribu sehemu nyingine, Handeni kule kwenye ukame. Mkazamjomba akatoa chupa, ameandika 418 kwa mkaa kwenye karatasi akaifunga na kamba. Dogo akaomba punje 50. Mkazamjomba akamimina kwenye ungo, akapuliza majivu, akahesabu moja moja mpaka 30, akafunika chupa.

"Nyingine zangu," akamwambia. "Ukirudi na majibu utapata zingine."

Dogo akachukua 30.